Hekaya za mashujaa kwenye filamu kwa jicho la wanawake: Engaresero na majirani zake

Kusimulia upya hekaya ya shujaa kwa jicho la wanawake ni kuichukua hadithi inayojulikana, yenye mfalme, upanga na vita, na kuisimulia kutoka pale walipokuwa mama, dada, mke au kuhani wa kike. Mfano unaotajwa sana ni The Mists of Avalon, filamu ya televisheni ya Marekani ya 2001 iliyoongozwa na Uli Edel kutokana na riwaya ya Marion Zimmer Bradley ya 1983. Mfalme Arthur yumo, lakini anayesimulia ni Morgaine, dada yake kwa mama, aliyeigizwa na Julianna Margulies, na mengi ya ufalme huamuliwa na wanawake wengine, Viviane na Morgause, kabla wanaume hawajashika silaha. Makala hii inaiangalia kazi ya namna hiyo kutoka Engaresero, kijiji cha Wamasai katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron na chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuendea kwa sala, wakiwemo wanawake wanaoomba watoto. Huko kwenyewe na kwa majirani wa pande zote kuna hekaya na ushahidi wa kutosha kuipima kazi hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msimulizi wa aina hii, akifanya kazi yake vizuri, haongezi kitu kigeni. Huokota yale ambayo hekaya yenyewe imeyabeba bila kuyatilia maanani, na filamu humlazimisha ayaonyeshe, kwa sababu picha haiwezi kuruka hatua kama ulimi unavyoruka.

Pingamizi la kwanza husema hekaya ni amana, na anayeigeuza ameiharibu. Wanaosema hivyo huamini kwamba ilikuwapo hekaya moja ya asili, iliyokamilika, ambayo watu wa leo wanaichokoa. Maandiko ya Arthur yanakanusha. Katika Vita Merlini, shairi la Kilatini la Geoffrey wa Monmouth la yapata 1150, Morgen ni mkuu wa dada tisa wanaotawala kisiwa cha matufaha, hodari wa dawa, na ndiye anayempokea Arthur aliyejeruhiwa ili amtibu. Zaidi ya miaka 300 baadaye, katika kitabu cha Thomas Malory kilichochapwa na William Caxton 1485, mwanamke huyo amekuwa adui anayemwibia kaka yake ala ya upanga iliyomkinga na kuvuja damu. Hata hivyo, mwishoni mwa kitabu hichohicho yumo miongoni mwa malkia wanaompakia majeruhi chomboni kumpeleka Avalon. Malory hasemi walipatana lini, wala kwa nini adui wa jana ndiye mwuguzi wa leo. Mganga wa kale amebaki ndani ya adui wa baadaye, na hakuna aliyejali kumwondoa. Bradley alipomfanya Morgaine kuhani na mponyaji hakumbuni mtu mpya: alimrudisha yule aliyekuwapo kabla ya Malory.

Hali kama hiyo inaonekana waziwazi kwa Batemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, wakulima wa mifereji wanaoishi magharibi ya Ziwa Natron katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro. Kimojawapo cha vijiji vyao ni Samunge, ambacho Watanzania wengi walikijua 2011 kwa kikombe cha dawa cha mponyaji aliyeitwa Babu. Shujaa wao ni Khambageu, na hadithi yake, kama Robert F. Gray alivyoiandika katika kitabu chake cha 1963, inamkumbusha Arthur mtu yeyote aliyemsoma. Aliishi miongoni mwa watu, akaponya na kutenda miujiza, akafa. Kaburi lilipofunuliwa hakuwamo, na husimuliwa kwamba alipaa juani. Siku ya mwisho wa dunia atarudi kuwaokoa watu wake, wenye kovu la ntemi begani. Lakini mwanzo wake ndio unaotuhusu hapa. Khambageu hakuzaliwa na mwanamke: alitoka kwenye mguu wa mwanaume uliovimba.

Ulimi hupita hapo kwa sentensi moja na kuendelea na miujiza. Mwongozaji wa filamu hawezi. Ni lazima aamue nani alikuwa ndani ya nyumba uvimbe ulipopasuka, nani alishika maji na kitambaa, nani alimfuta mtoto damu, nani alimpakata usiku ule wa kwanza. Zaidi ya yote, lazima aamue nani alimnyonyesha, maana mguu hauna maziwa. Hekaya imemwondoa mama ili kumtukuza mwana, na kwa kumwondoa imeacha nafasi yenye umbo lake hasa. Simsemei mtu yeyote wa Batemi kwamba Khambageu alikuwa na mama aliyefichwa. Huyu ni shujaa wa imani iliyo hai, si wa kubuniwa mzazi na mgeni mwenye kamera, na mwenye kutaka kumpeleka kwenye filamu ataanza kwa ridhaa ya wazee wake. Ila kumwonyesha mlezi si kuikana imani. Mtoto aliyetoka mguuni bado alilia, na mtu fulani alimnyamazisha. Filamu itakayokaa na mtu huyo kwa dakika kumi itakuwa imeieleza hekaya nzima upya bila kubadilisha tukio hata moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na nusu yake ni kweli. Husemwa kwamba filamu hizi huwavika wanawake wa kale mawazo na silaha za leo. Katika King Arthur ya 2004 Guinevere amepewa upinde na rangi za vita, anapigana bega kwa bega na wapanda farasi, lakini hadithi imebaki ya Arthur: tunaona anavyopigana, hatuoni anavyoona. Upinde ule ni pambo. Wasomaji wa Kiswahili wana kipimo kizuri zaidi nyumbani kwao, nacho ni hekaya ya Fumo Liongo, ambayo Edward Steere aliichapa 1870. Liongo amefungwa. Kijakazi Saada anampelekea chakula, na walinzi humnyang'anya kila kizuri. Mama anaoka mkate wa wishwa, ndani yake ameficha tupa. Walinzi wanaudharau mkate ule wa makapi, wanaupitisha, na Liongo anakata minyororo. Humo hakuna mwanamke aliyeshika mkuki, lakini bila mwanamke aliyejua walinzi hudharau chakula gani, na mwingine aliyethubutu kukibeba hadi mlangoni, shujaa angeozea gerezani. Kamera ingebaki jikoni wakati tupa inazamishwa kwenye kinyunga, kisha imfuate Saada njiani, na mtazamaji angeelewa kwamba ushujaa umeanzia hapo. Anayempa mama yake Liongo upanga ameshindwa kuiona kazi aliyokwisha kuifanya.

Kwa Wamasai swali la nafasi ya mwanamke katika hekaya linahusu mali. Iko hadithi inayosimuliwa katika namna mbalimbali, kwamba zamani wanawake walikuwa na mifugo yao, nayo ni hawa wanyama tunaowaita wa porini leo, mbungu, nyumbu na swala. Asubuhi moja walichinja, wakagombania nyama, na waligombana muda mrefu hata mifugo ikajiendea mbugani na isirudi. Ndipo wakawaendea wanaume wenye ng'ombe. Hadithi hii hutumiwa kueleza kwa nini mwanamke hamiliki ng'ombe, na masikioni mwa wengi ni hadithi ya uzembe wao. Lakini sikiliza inachokiri njiani: kwamba walikuwa na mali, na kwamba kutokuwa nayo leo ni jambo lililotokea, si jambo la maumbile. Naomi Kipury, Mmasai wa Kenya aliyechapisha kitabu cha fasihi simulizi ya watu wake 1983, amesaidia kuzifanya hekaya za namna hii zisomwe kama hoja za jamii yenyewe badala ya vioja vya watalii. Mwandishi wa filamu hana haja ya kuupindua mwisho wa hadithi hiyo. Aanze tu asubuhi ile, kwa mwanamke anayewaona swala wake wakiondoka.

Hapo hutokea pingamizi la tatu: kamera ni ya nani? Kazi kubwa zaidi ya filamu kuhusu wanawake wa Kimasai ilifanywa na Mwingereza, Melissa Llewelyn-Davies, miongoni mwa Wamasai wa Loita nchini Kenya. Alishiriki katika Masai Women ya 1974, ya televisheni ya Granada, na 1984 akatoa The Women's Olamal kupitia BBC. Katika filamu hii ya pili wanawake wanadai ibada ya baraka ya uzazi, wanaume wanavutana na kuchelewesha, na wanawake wanashinikiza kwa hasira na machozi mpaka ibada inafanyika. Kinachoipa nguvu ni kwamba wanazungumza wenyewe, kwa Kimaa, kwa sentensi ndefu. Kweli, uhariri ulifanywa Uingereza kwa watazamaji wa Uingereza, na anayelalamikia hilo ana haki. Wengine huongeza kwamba wanawake hao hao huitetea mila inayowabana. Sioni kasoro hapo. Jicho la wanawake si ahadi kwamba kila mwanamke atasema tunachotaka asikike akisema, na filamu inayokata maneno yao ili yalingane na hoja ya mwongozaji imewanyamazisha mara ya pili.

Engaresero penyewe pana ushahidi ambao haukungoja msimulizi. Kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, karibu na ziwa, pana nyayo za binadamu zaidi ya 400, ambazo mwenyeji wa hapo alizijua kabla ya wanasayansi kufika. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulikadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Mwaka 2020 Kevin Hatala na wenzake walieleza kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea kusini-magharibi kwa mwendo wa kawaida, na wakakadiria kwamba 14 kati yao walikuwa wanawake wazima. Walilinganisha na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, upande wa Karatu, ambako wanawake huenda kwa makundi kuchimba mizizi na mara chache mwanaume mmoja au wawili hufuatana nao. Mtu atasema, na ni haki yake, kwamba jinsia hapa imekadiriwa kwa ukubwa wa mguu, na kijana wa kiume anaweza kuhesabiwa kuwa mwanamke. Makadirio ni makadirio, na filamu ya kweli ingelisema hilo. Lakini wachache walidai hadhari kama hiyo kwa miaka yote ambayo vitabu na filamu vilimchora binadamu wa kale kama mwanaume mwenye mkuki. Wahadzabe wenyewe wana hekaya ya Mambedaka, mwanamke aliyewinda pundamilia na kujifanya mwanaume, kwa hiyo hata swali la nani awinde na nani achimbe lilikwisha kuulizwa Eyasi bila msaada wa Hollywood.

Kinachofika kwenye filamu na picha kutoka Engaresero kwa kawaida ni morani wanaoruka, mlima unaofuka na flamingo wa Natron. Akina mama huonekana pembeni, wakiuza shanga. Mwenye kamera atakayetaka kufanya zaidi ya hapo asianze na muswada. Aanze na bibi wa Engaresero na wa Samunge, awarekodi kwa Kimaa na Kitemi, awaulize hadithi hizi husimuliwaje wanaume wasipokuwapo, awalipe, na majina yao ayaweke kwenye orodha ya watunzi, si chini kabisa miongoni mwa wanaoshukuriwa.