Ajabu Haianzi na Jini: Kisa cha Haruhi Suzumiya

Ukitaka kumjua mwandishi chipukizi, tazama hadithi yake ya kwanza. Jini yumo, mzimu yumo, mtu anayepaa yumo, na wote wamejazana ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili mizimu inaongezwa, maana ile ya kwanza haikumtisha hata mtoto. Siwacheki wenzangu wa kalamu. Nasema hivi kwa sababu kuna katuni ya Kijapani, wenyewe huziita anime, ambayo historia yake ina dawa ya ugonjwa huu, na onyo juu yake.

Mwaka 2003 Nagaru Tanigawa, mzaliwa wa Hyogo aliyesomea sheria chuo kikuu, alishinda tuzo kuu ya Sneaker, ambayo kampuni ya Kadokawa huwapa waandishi wapya. Riwaya yake inamhusu Haruhi Suzumiya, msichana wa sekondari ambaye siku ya kwanza darasani anasimama na kutangaza kwamba watu wa kawaida hawamhusu. Anataka viumbe wa nyota nyingine, wasafiri wa wakati na wenye nguvu za ajabu. Basi anaunda klabu ya kuwatafuta, na waliojiunga ndio haohao! Nagato katoka nje ya dunia, Asahina katoka siku zijazo, Koizumi ana nguvu zake. Wote wanajua, isipokuwa Haruhi mwenyewe. Tena ni yeye mwenye uwezo wa kuiumba dunia upya akichoshwa nayo, na hilo nalo halijui.

Anayetusimulia ni Kyon, kijana wa kawaida kabisa, mwenye kulalamikia kilima cha kupanda kwenda shule kila asubuhi. Kilima hicho si cha kubuni. Shule ile inafuata sekondari halisi ya mji wa Nishinomiya, aliyosoma Tanigawa mwenyewe. Hapo ndipo naona siri yake: mtu aliyechoka kupanda kilima tunamwamini, na tukishamwamini, akituambia mwanafunzi mwenzake katoka angani, tunaitikia tu.

Riwaya hiyo iliangukia mikono inayofaa. Kyoto Animation ilianzishwa mwaka 1981 na Yoko Hatta, akiwa na akina mama wa jirani waliopaka rangi michoro ya studio nyingine. Ilikua huko Uji, mbali na Tokyo, ikawaajiri wachoraji wake kwa mshahara, wakati wenzao wengi walilipwa kwa idadi ya michoro tu. Mwaka 2006 ikaonyesha sehemu 14 za Haruhi, usiku wa manane, tena kwa mpangilio uliovurugwa makusudi. Ya kwanza kabisa ilikuwa filamu mbovu iliyotengenezwa na wanafunzi wenyewe wa hadithini! Mtazamaji alijiuliza kama televisheni yake ina kasoro.

Mimi naipenda zaidi sehemu ya mvua, aliyoiandika Tanigawa mwenyewe kwa ajili ya televisheni. Kyon anatumwa dukani kuchukua hita. Nagato amebaki klabuni anasoma kitabu. Kwa dakika nzima anasoma tu, na sisi tunamtazama. Hakuna jini wala radi ya kishetani. Lakini kwa kuwa tunajua yeye ni nani, ule ukimya una uzito.

Mwaka 2009 walikwenda mbali zaidi. Wiki nane mfululizo walionyesha kisa kilekile: majuma mawili ya mwisho ya Agosti yanayojirudia kwa sababu Haruhi anahisi likizo haijakamilika. Hadithini marudio yanafika 15,532. Kila sehemu ilichorwa upya na sauti zikarekodiwa upya, na mashabiki wakakasirika vibaya. Kwangu mimi, nane zilizidi, nne zingetosha. Lakini tazama kinachovunja uchawi ule. Si upanga wala kafara. Ni Kyon kuwaita wenzake wamalizie pamoja kazi za shule za likizo. Basi!

Sasa onyo. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika studio yao mjini Kyoto na petroli, akaichoma. Watu 36 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Yasuhiro Takemoto, mmoja wa waongozaji wa filamu ya Haruhi ya mwaka 2010, na Shoko Ikeda, aliyewapa wahusika wale sura zao. Mchomaji alikuwa amepeleka miswada yake kwenye shindano la kampuni hiyo, ikakataliwa, akaamini kwamba wamemwibia mawazo. Kampuni ilikana. Januari 2024 mahakama ilimhukumu kifo.

Jamani, jambo hili linatugusa. Nani kati yetu hajapeleka mswada ukarudi, au usirudi kabisa? Na nani hajakaa kijiweni akasema, “Yule kaniibia stori”? Lakini wazo la shule yenye mizimu halina mwenyewe. Watoto wa Japani walimnong’ona Hanako wa chooni muda mrefu kabla ya Haruhi, na mwalimu Toru Tsunemitsu alipochapisha hadithi za aina hiyo mwaka 1990 hakuzibuni, alizikusanya. Wazo ni kama kisima cha mtaa, kila mmoja huja na ndoo yake. Kilicho chako ni kile kilima ulichokipanda wewe, na mvua iliyokunyeshea wewe.

Kwa hiyo wakikukatalia, lia siku moja, kisha rudi mezani. Na huyo jini wako usimfukuze. Mtafutie kwanza dawati la kukalia, mwalimu wa kumfokea, na kazi ya nyumbani ambayo hajaimaliza.