Kufua Upya Upanga Mfupi wa Wagiriki

Katika Makumbusho ya Agora mjini Athens kuna upanga wa chuma uliokunjwa ukazungushwa shingoni mwa mtungi. Umetoka katika kaburi la mtu aliyezikwa yapata mwaka 900 KK: mwili wake ulichomwa, majivu yakatiwa mtungini, na silaha yake ikaviringishwa juu yake. Kutu imeula vibaya. Mhunzi wa leo anayetaka kufua nakala ya upanga mfupi wa Kigiriki huanzia kwenye masalio ya namna hii, na kwa kawaida mpini umeoza, makali yamelika na ala haipo tena.

Upanga wenyewe Wagiriki waliuita ksifosi. Una makali pande mbili, na bamba lake kwa kawaida ni la sentimita 45 hadi 60. Karibu na mpini ni mwembamba, kisha hutanuka kadiri unavyoelekea mbele, halafu huchongoka ghafla kwenye ncha. Aliyewahi kuona sime ya Kimaasai atalitambua umbo hilo mara moja, ingawa silaha hizi mbili hazina nasaba. Sababu ya umbo ni ileile: uzito ukisogezwa mbele, pigo la kukata linakuwa zito, na ncha inabaki kali ya kuchoma.

Asili yake ni ya zama za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Kabla ya mwaka 1200 KK ulienea barani Ulaya hadi Ugiriki upanga ambao wataalamu huuita Naue II, kwa jina la Mjerumani Julius Naue aliyeandika kitabu juu ya panga za kale mwaka 1903. Panga hizo zilisubiwa katika kalibu, kisha makali yakapigwa nyundo yawe magumu. Chuma kilipochukua nafasi ya bronzi, umbo halikuachwa. Ila kazi ilibadilika kabisa, kwa sababu tanuri za wakati huo hazikuweza kuyeyusha chuma kikamiminika. Kilitoka donge lililojaa mavi ya chuma, nalo likapigwa na kukunjwa motoni mara nyingi mpaka uchafu ukatoka.

Vitani haukuwa silaha ya kwanza. Askari wa miguu wa Kigiriki alitegemea mkuki na ngao. Upanga uling'inia ubavuni kwa mshipi uliopita begani, ukingoja mkuki uvunjike. Herodotus anaeleza kwamba huko Thermopylae, mwaka 480 KK, mikuki ya Wagiriki wengi ilikuwa imekwisha kuvunjika, wakawaua Waajemi kwa panga, na mwishowe wakapigana kwa mikono na meno. Wasparta walipenda panga fupi kuliko wenzao. Plutarch anasimulia kuwa Mwathene mmoja alizidhihaki kwamba wafanya mazingaombwe wangezimeza bila taabu. Mfalme Agis akamjibu kuwa hata hivyo maadui wanafikiwa nazo. Kwa mpanda farasi mambo yalikuwa mengine: Xenophon alimshauri achukue upanga wa kupinda wenye makali upande mmoja, kwa kuwa pigo lake hutoka juu.

Nani alizitengeneza? Msemaji mashuhuri Demosthenes aliwashitaki walezi wake kwa kufuja urithi, na katika hotuba yake tunaoneshwa ndani ya karakana ya baba yake: watumwa 32 au 33 wa kufua visu na panga, na akiba ya pembe za ndovu na chuma. Majina yao hayakutajwa, bei zao zilitajwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu waliojua kazi hii kuliko wote wamebaki kama hesabu katika shauri la mirathi.

Nakala nyingi za siku hizi hufuliwa kwa chuma cha pua kilichotoka kiwandani, hata springi ya gari kuukuu, na hapo mhunzi ameshakwepa nusu ya taabu ya wale watumwa. Nusu iliyobaki inatosha kumtoa jasho. Upande mmoja wa bamba ukipigwa nyundo ili uwe mwembamba, unarefuka, na upanga wote unapinda kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo anapiga huku, anageuza, anapiga kule, akilinyoosha bamba kwenye fuawe kila mara. Kiuno chembamba karibu na mpini ndicho kinachoharibika kwa urahisi. Kikipigwa kupita kiasi hakirudi.

Baada ya tupa huja hatua inayotisha. Bamba hupashwa moto hadi liwe jekundu sawasawa kuanzia kiunoni hadi nchani, na wengi hulijaribu kwa sumaku: likifika kama nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku hailishiki tena. Likizidi hapo kidogo huzamishwa katika mafuta likiwa wima, ncha mbele, maana likiingia kiubavu hujikunja. Sasa ni gumu lakini linavunjika kama kioo, hivyo hupashwa tena kwa nyuzi 200 hadi 250 mpaka rangi ya majani makavu itokee juu yake. Kuzimisha chuma majini kulijulikana Ugiriki zamani sana: katika Odisei, Homer anafananisha mlio wa jicho la jitu Polyphemus lilipochomwa na mlio wa shoka ambalo mhunzi amelitosa katika maji baridi.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, akaanzia kwenye udongo na mawe, ana la kujifunza Kagera. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya kuyeyushia chuma kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya kinamasini ndani ya shimo lake, wakavuta mivuo mpaka chuma kikapatikana. Peter Schmidt na Donald Avery waliiandika kazi hiyo katika jarida la Science mwaka 1978. Ugiriki haikuwa na wazee kama hao wa kuulizwa. Mnyororo ulikatika, na anayefua ksifosi leo anasoma michoro ya vyungu vya kale kujua mpini ulishikwaje.

Michoro hiyo ina mipaka. Inaonesha umbo la mpini na urefu wa ala, lakini haioneshi unene wa bamba wala uzito. Ndiyo maana nakala nyingi za kupamba ukuta ni nzito mno, bamba likiwa nene kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu akiuinua upanga huo anapata picha ya uongo ya mkono wa askari wa kale. Nakala iliyofuliwa vizuri ni nyepesi kuliko wengi wanavyotarajia. Makumbusho na wahunzi wanaoziweka mbele ya watu waandike wazi pembeni mwake: kipi kimepimwa kwenye upanga halisi, kipi kimetolewa kwenye mchoro, na kipi ni makadirio ya fundi.