Siku ya Mechi: Historia ya Ushabiki wa Vyuo Vikuu Marekani

Michezo baina ya vyuo vya Marekani ilianzia majini. Tarehe 3 Agosti 1852, wapiga makasia wa Harvard na Yale walishindana katika ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, na gharama zao zilibebwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria wa kwenda kuwatazama. Harvard ilishinda. Miaka sita baadaye, katika mashindano ya Boston, vijana wa Harvard walijifunga kichwani vitambaa vya rangi nyekundu iliyokolea, karibu na damu ya mzee, ili watu waliokuwa ukingoni wawatambue kwa mbali. Rangi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa rangi ya chuo. Matukio hayo mawili yamebeba asili ya karibu yote yaliyofuata: mfanyabiashara anayeuza safari, na mtazamaji anayetafuta rangi ya kuifuata.

Mpira ulifuata. Tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton zilikutana New Brunswick, jimbo la New Jersey, kila upande ukiwa na wachezaji 25. Rutgers ilishinda mabao 6 kwa 4. Watazamaji walikuwa kama mia moja. Hapakuwa na jukwaa, hivyo walikaa juu ya uzio wa mbao au chini kwenye nyasi. Baadhi ya wachezaji wa Rutgers walijifunga vilemba vyekundu, nao wa Princeton walikuja na ukelele wa kuwatisha wapinzani, wakaupiga huku wanacheza. Husimuliwa kwamba ukelele huo uliwamaliza pumzi, kwa hiyo katika mechi ya marudiano, juma moja baadaye, waliwaomba wanafunzi wenzao waupige kwa niaba yao kutoka pembeni. Safari hii Princeton ilishinda 8 kwa 0, na mtazamaji akawa amepewa kazi.

Mchezo wenyewe wakati ule ulikaribiana na kandanda. Futiboli ya Kimarekani ijulikanayo leo, yenye mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi na kusogezwa mbele kwa awamu, ilipata sura yake katika miaka ya 1880, hasa kwa kanuni alizozipigania Walter Camp wa Yale. Katika miaka hiyohiyo mechi kubwa ya msimu ilihamia New York na kuchezwa Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Mwaka 1893, mechi ya Yale na Princeton ilitazamwa na watu wapatao 40,000. Kwa saa kadhaa magari ya farasi, mengine yamepambwa kwa buluu ya Yale na mengine kwa rangi za chungwa na nyeusi za Princeton, yalipita barabara ya Fifth Avenue kuelekea kaskazini, abiria wamejipanga hadi juu ya paa. Yalipofika uwanjani yaliegeshwa kandokando, na wenyewe wakafungua vikapu vyao, wakala na kunywa hukohuko juu. Baadhi ya makanisa yalikuwa yakisogeza ibada ya sikukuu mapema ili waumini wawahi mechi. Wakuu wa vyuo walichukizwa na ulevi na vurugu za jijini, na kabla ya karne kwisha wakawa wamezirudisha mechi hizo vyuoni.

Huko vyuoni desturi zilikuwa zimeanza kuota. Yale ilikuwa na mbwa wake, Handsome Dan, tangu 1889. Chuo cha wanamaji kilileta beberu mwaka 1893, na chuo cha jeshi la nchi kavu kikamjibu kwa nyumbu mwaka 1899. Kuiba mnyama wa wapinzani kabla ya mechi kukawa mchezo mwingine kando ya mchezo. Tarehe 2 Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya majukwaa akawaongoza wenzake kushangilia kwa pamoja. Tarehe hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa uongozi wa shangwe. Kazi hiyo ilibaki ya wanaume pekee hadi miaka ya 1920, wasichana walipoanza kukubaliwa. Vita Kuu ya Pili ilipowapeleka vijana wa kiume jeshini, wasichana wakaishika, na wengi wa viongozi wa shangwe leo ni wanawake.

Mwaka 1905 nusura yote haya yafe. Futiboli ya wakati huo ilikuwa ya kusukumana na kukanyagana, na katika msimu ule mmoja magazeti yalihesabu vifo visivyopungua 18 vya wachezaji katika vyuo na shule. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Chuo Kikuu cha Columbia kiliufuta mchezo kwa miaka kumi. Mwaka 1906 kiliundwa chama cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na kanuni zikabadilishwa ili msongamano wa wachezaji upungue. Pendekezo mojawapo lilikuwa kupanua kiwanja, lakini Harvard ilikwisha kujenga majukwaa ya zege mwaka 1903, nayo yasingeweza kusogezwa. Jambo hilo lilichangia kuruhusiwa kwa njia nyingine, pasi ya kurusha mpira mbele. Kwa hiyo pasi, ambayo leo ndiyo utamu wa futiboli, kwa sehemu fulani ni zawadi ya viti vya watazamaji.

Mchezo uliponusurika, ujenzi ulishika kasi. Uwanja wa Yale wa 1914 ulichukua watu wapatao 70,000. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyuo vya Illinois, Nebraska, California na vinginevyo vilijenga viwanja vya kuwakumbuka askari waliokufa, kwa fedha zilizochangwa na wahitimu na wananchi. Ohio State ilifungua uwanja wake wenye umbo la kiatu cha farasi mwaka 1922, na Michigan ikafuata mwaka 1927. Vyuo vingi vya majimbo vilikuwa katika miji midogo isiyo na timu za kulipwa, hivyo mkulima ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo aliihesabu timu ya jimbo kuwa yake. Uwanja wa Michigan sasa una viti 107,601, katika mji wa Ann Arbor wenye wakazi takriban 120,000. Nebraska imejaza uwanja wake katika kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962, na wenyeji hupenda kusema kuwa siku ya mechi uwanja huo huwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo.

Watu hao wanarudi kwa sababu waliitwa. Mwaka 1911, mechi ya Missouri na Kansas, iliyozoeleka kuchezwa nje ya vyuo vyote viwili, ilihamishiwa kwa mara ya kwanza chuoni Columbia, Missouri. Mkuu wa michezo, Chester Brewer, aliyeogopa kuona viti vitupu, aliwahimiza wahitimu warudi nyumbani kuitazama. Walikuja kwa maelfu, kukawa na gwaride na mikutano ya hamasa, na mechi ikaisha 3 kwa 3. Huko Lawrence, Kansas, zaidi ya watu elfu moja walikusanyika mbele ya ubao mkubwa ulioonyesha mwendo wa mpira kadiri habari zilivyoingia kwa telegrafu. Baylor na Illinois nazo zilikuwa zimefanya sherehe za namna hiyo mwaka 1909 na 1910, na ubishi juu ya mwanzilishi haujaisha. Wiki ya kurudi nyumbani sasa ipo katika karibu kila chuo na shule ya sekondari nchini humo.

Muziki nao ulitoka pembeni ukaingia katikati ya uwanja. Mwaka 1907 bendi ya Purdue iliacha kutembea kwa mistari ya kijeshi, ikajipanga kuwa herufi P. Mfano maarufu zaidi wa sanaa hiyo ulianza Ohio State mwezi Oktoba 1936. Bendi huanza ikiwa imejikunja pamoja, kisha kiongozi hutangulia na wengine humfuata kama uzi unaotoka sindanoni, wakipishana na kukatana njia bila kuacha kupiga, hadi jina Ohio limeandikika uwanjani kwa mwandiko wa kuunganisha. Herufi moja tu hukosa nukta. Hapo mpigaji wa tarumbeta kubwa linalozungushwa begani hujitenga, huenda kwa madaha hadi juu ya i, huvua kofia na kuinama pande zote mbili za uwanja. Kwa mwanabendi, kuwa nukta ni heshima inayongojewa kwa miaka.

Nje ya uwanja, desturi ya vikapu juu ya magari ya farasi ilihamia kwenye magari ya petroli, na ulaji huo ukapewa jina la mlango wa nyuma wa gari, kwa kuwa mlango ulioshushwa ndio uliogeuzwa meza. Wenye pikapu hufika alfajiri, wengine tangu jana yake. Majiko huwashwa, soseji na mbavu huchomwa, viti vya kukunja hupangwa, na mgeni aliyevaa rangi za wapinzani hutaniwa kwanza kisha hupewa sahani. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi shughuli hufanyika chini ya miti ya bustani iitwayo Grove, mahema yakibanana, mengine yakiwa na vitambaa vya meza na vinara vya taa. Mjini Knoxville, Tennessee, ambako mto unapita karibu na uwanja, mashabiki huja kwa maji: mwaka 1962 mtangazaji George Mooney alikwepa foleni ya magari kwa kuja na boti yake, na wengine wakamuiga hadi boti zikawa kundi kubwa linalotia nanga pamoja.

Mahali pengine ushabiki umekuwa karibu na kiapo. Tarehe 2 Januari 1922, timu ya Texas A&M ilicheza na Centre College mjini Dallas, na majeruhi wakawa wengi kiasi kwamba kocha alimwita mwanafunzi E. King Gill, aliyekuwa jukwaani. Gill alivaa sare akasimama pembeni mpaka mwisho akiwa tayari kuingia. Hakuhitajika, na A&M ilishinda 22 kwa 14. Kwa kumbukumbu hiyo wanafunzi wa A&M husimama mechi nzima hadi leo, wakijiita mchezaji wa kumi na mbili. Chuo hichohicho kilikuwa na desturi ya kuwasha moto mkubwa kabla ya mechi na Chuo Kikuu cha Texas. Usiku wa kuamkia 18 Novemba 1999, rundo la magogo takriban 5,000 lililokuwa likijengwa na wanafunzi liliporomoka, likaua 12 na kujeruhi 27. Tangu hapo chuo hakijauwasha tena moto huo.

Kwa muda mrefu milango ya majukwaa haya haikuwa wazi kwa wote. Wamarekani weusi walijenga ushabiki wao wenyewe. Tarehe 27 Desemba 1892, Biddle na Livingstone zilicheza Salisbury, North Carolina, mechi ya kwanza kati ya vyuo vya watu weusi. Sare za Livingstone zilishonwa na wanafunzi wa kike wa chuo hicho. Katika vyuo hivyo bendi ikawa na uzito sawa na timu. William P. Foster, aliyeanza kazi Florida A&M mwaka 1946, aliingiza hatua za haraka, dansi na muziki uliokuwa ukivuma, na mtindo huo umeenea kote. Tangu 1974, mechi ya Grambling na Southern hufanyika kila mwaka, kwa kawaida New Orleans, ikiambatana na pambano la bendi, na wengi hawathubutu kwenda kununua vinywaji wakati wa mapumziko, bendi zikiwa uwanjani.

Katika vyuo vya wazungu vya Kusini, siku ya mechi ilikuwa pia jukwaa la siasa. Tarehe 29 Septemba 1962, Mississippi ilipocheza na Kentucky mjini Jackson, gavana Ross Barnett aliingia uwanjani wakati wa mapumziko akahutubia umati uliopeperusha bendera za jeshi la Kusini, lililopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Usiku uliofuata ghasia zilizuka chuoni kupinga kuandikishwa kwa James Meredith, mwanafunzi mweusi, na watu wawili wakauawa. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Septemba 1967, timu hizohizo zilikutana Lexington. Safari hii Nate Northington wa Kentucky akawa mchezaji wa kwanza mweusi katika mechi ya futiboli ya ligi ya Kusini-Mashariki, SEC. Rafiki yake Greg Page, mweusi mwenzake aliyeumia mazoezini, alikuwa amefariki usiku uliotangulia. Mississippi ilipiga marufuku fimbo uwanjani mwaka 1997, na bendera zikaondoka pamoja na milingoti yake; mwaka 2016 bendi yake iliacha kupiga wimbo wa Dixie, alama nyingine ya Kusini hiyo.

Redio ilitangaza mechi ya vyuo mwaka 1921, na televisheni mwaka 1939. NCAA ilihofia kuwa picha zingewabakiza watu nyumbani, ikaweka kikomo cha mechi za kuonyeshwa, hadi Mahakama ya Juu ya nchi ilipouvunja ukiritimba huo mwaka 1984. Tangu hapo saa ya mechi hupangwa kwa kufuata televisheni. Kipindi cha College GameDay, kilichoanza studio mwaka 1987, kilipelekwa chuoni mara ya kwanza mwaka 1993, na mashabiki wakakigeuza kuwa sherehe yao: bendera ya Washington State imepepea nyuma ya watangazaji mfululizo tangu 2003, hata timu hiyo isipohusika. Fedha zimeongezeka kiasi kwamba tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia mapato.

Hata hivyo, desturi mpya bado huzuka kwa mashabiki. Uwanja wa Iowa umepakana na hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2017, na ghorofa yake ya juu inatazama kiwanjani. Mwaka huohuo shabiki mmoja alipendekeza kwamba watu wawapungie watoto mkono. Sasa robo ya kwanza inapokwisha, karibu watu 70,000, pamoja na wageni, wachezaji na waamuzi, huupa mchezo kisogo na kupunga mikono kuelekea madirishani, na watoto hupunga pia.