Homoni katika samadi ya mijini

Samadi ya ng'ombe, nguruwe na kuku wafugwao Kibera na Kawangware huwa na homoni, hasa estrojeni, hata kama mifugo haikudungwa sindano yoyote. Ng'ombe mwenye mimba ndiye huzitoa kwa wingi. Mvua ikinyesha, samadi iliyorundikwa kando ya mitaro husombwa. Ile ya Kibera huishia Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, na Mto Ngong. Majini, chembe chache mno za estrojeni hutosha kuwafanya samaki dume waanze kuunda mayai.

Tiba yake, kwa bahati, haihitaji fedha nyingi: samadi ichanganywe na majani makavu, ipate joto la nyuzi 55 au zaidi, na igeuzwe ili hewa ipenye. Baada ya miezi kadhaa homoni nyingi huwa zimevunjika, ingawa si zote. Mtambo wa biogesi pekee hautoshi, kwani pasipo hewa estrojeni huvunjika kwa shida.