Visima Vikavu, Tepu Zilizojaa: Historia ya Vipimo vya Bonde la Rukwa

Mwaka 1987 kampuni ya mafuta ya Amoco kutoka Marekani ilichimba visima viwili kusini mwa Bonde la Rukwa, kimoja Ivuna na kingine Galula. Mafuta hayakupatikana. Mitambo ikafunganywa, wageni wakaondoka, na kwa wakazi wa bondeni habari ikawa imeishia hapo: walikuja, wakatoboa, wakakosa.

Kabla ya kutoboa, hata hivyo, Amoco ilikuwa imelipita bonde ikipima ardhi kwa mitetemo, na vipimo vile havikuandikwa kwenye daftari. Viliingia kwenye tepu za sumaku. Wanaosimulia historia ya utafutaji mafuta Rukwa hukimbilia visima, nami naona wanakosea. Visima vile viwili havikuleta mafuta, ilhali vipimo vimeendelea kuzaa hadi leo, kwa sababu kila mara alikuwapo mtu aliyeweza kuvisoma upya.

Simama ukingoni mwa genge la Lyamba lya Mfipa, mashariki ya Sumbawanga. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini ya hapo kwa mita 1,000 hivi. Anayeteremka kwenda Muze au Mtowisa huvua koti njiani. Ukitazama kutoka juu, utaapa kwamba sehemu ya bonde yenye kina kuliko zote iko hapa chini ya miguu yako, penye ukuta wa Ufipa. Mitetemo ilisema vingine. Matabaka ya mchanga na tope yameinamia upande wa pili, kaskazini-mashariki, kuelekea ufa wa Lupa, na huko ndiko yalikojazana kwa kilomita kadhaa kwenda chini. Ukuta unaotisha macho uko Ufipa. Shimo lenyewe liko kwa jirani.

Namna ya kulijua jambo hilo bila kuchimba ni kuitikisa ardhi na kusikiliza mwangwi, kama mama anavyogonga debe la mahindi ajue limejaa mpaka wapi. Vipokea sauti vidogo hupangwa kwenye mstari wa kilomita nyingi. Mwangwi unaporudi, kila kipokea sauti hutoa mfululizo wa namba: ukisikiliza kwa sekunde sita na kuchukua kipimo kila baada ya milisekunde nne, unapata namba 1,500 kwa kila mfululizo. Zidisha kwa maelfu ya mifululizo katika mstari mmoja, kisha kwa mistari yote ya bonde. Katika miaka ya 1980 mzigo huo ulibebwa na tepu.

Upande wa magharibi wa Ufipa kazi ya aina hiyo ilifanyika majini. Mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, chini ya Bruce Rosendahl, ulipima Ziwa Tanganyika katikati ya miaka ya 1980. Baadaye mtafiti Kilembe pamoja na Rosendahl walichapisha, mwaka 1992, makala kuhusu umbo la Bonde la Rukwa lenyewe. Kwa hiyo ndani ya miaka michache nyanda za juu za Ufipa zilikuwa zimezungukwa na vipimo pande mbili.

Wakati huo tepu ya kompyuta ilikuwa kitu cha mbali kwa Mtanzania wa kawaida. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Ndiyo kusema bonde letu liliandikwa kwa lugha ya mashine ambazo nchi ilikuwa imetoka kuzifungia mlango.

Tepu yenyewe ilikuwa na umri wa kutosha. IBM ilitoa mashine yake ya tepu, modeli 726, mwaka 1952. Mwaka 1964, pamoja na kompyuta za System/360, ikaja tepu ya njia tisa, upana wa nusu inchi, ambayo watu wa mafuta waliishikilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Rili kubwa ilikuwa na futi 2,400 za utepe. Hata ilipoandikwa kwa msongamano mkubwa wa herufi 6,250 kwa inchi, ilibeba megabaiti 140 au 150 hivi. Leo picha chache za simu zinaimaliza. Wakati ule ilikuwa ni mistari mizima ya bonde.

Jambo lililookoa vipimo vya namna hii lilitokea mwaka 1975. Chama cha Wanajiofizikia wa Utafutaji cha Marekani kilichapisha muundo uitwao SEG-Y na kuuweka wazi kwa kila mtu. Kila faili huanza na baiti 3,200 za maelezo ya maandishi, mistari 40 yenye herufi 80 kila mmoja, kila mstari ukitanguliwa na herufi C, mazoea yaliyorithiwa kutoka kadi za kutoboa. Hufuata baiti 400 za vipimo vya jumla, kisha mifululizo ya mwangwi, kila mmoja na utambulisho wake wa baiti 240. Hakuna siri ndani yake. Yeyote mwenye kijitabu cha muundo huo anaweza kuandika programu ya kuusoma, hata kama kampuni iliyorekodi imeshakufa. Na Amoco kweli ilitoweka: iliungana na BP mwishoni mwa mwaka 1998.

Sasa tuingie chumba cha mashine, maana hapa ndipo wengi huharibu.

Tepu ya zamani ikifika mezani, cha kwanza ni kugeuza rili na kutazama mgongo wake. Kuna kijiringi cha plastiki pale. Kikiwapo, mashine inaweza kuandika juu ya tepu, kikitolewa haiwezi. Kinatolewa kabla ya jambo lolote lingine. Cha pili ni kugusa utepe. Tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi iliyofyonza unyevu hewani, nazo hunata kwenye kichwa cha kusomea na kumwaga unga wa kahawia. Hizo huwekwa kwanza kwenye joto la taratibu, nyuzi 50 na kidogo za Selsiasi, kwa saa nyingi, zikauke. Baada ya hapo kuna muda mfupi wa kuzisoma kabla hazijarudia kunata.

Kisha huja amri. Kwenye mashine ya Unix au Linux zinatosha mbili, zote fupi. `mt` huendesha tepu mbele na nyuma. `dd` hunakili kilichomo. Unaanza na `mt -f /dev/nst0 setblk 0`, yaani unaiambia mashine isidhani kila fungu la data lina ukubwa mmoja. Halafu `dd if=/dev/nst0 of=faili01 bs=256k`. Amri inasoma mpaka ikutane na alama ya mwisho wa faili, inasimama, unairudia kwa faili la pili, la tatu, hadi upate faili tupu. Alama mbili zikifuatana, tepu imekwisha.

Ile herufi n katika `nst0` ni ndogo lakini ina kazi kubwa. Ukiandika `st0`, tepu inajirudisha mwanzo kila amri inapomalizika, na mtu anaweza kushinda mchana kutwa akinakili faili la kwanza mara kumi huku akidhani anasonga mbele. Mtego mwingine uko kwenye `bs`. Fungu la data likiwa kubwa kuliko namba uliyoandika, Linux hujibu kwamba imeshindwa kutenga kumbukumbu, na mwenye haraka atakimbilia dukani kununua kumbukumbu ya kompyuta. Dawa ni kuongeza namba tu. Kuna pia wanaoongeza `conv=noerror,sync` waliyoizoea kwenye diski mbovu. Kwenye tepu ya SEG-Y hiyo ni hatari, kwa kuwa `sync` hujaza sifuri kila fungu lililopungua, na mpangilio wa mifululizo yote unavurugika bila mtu kutambua hadi picha itakapochorwa.

Mwishowe unafungua maelezo ya mwanzo. Ukiyatazama moja kwa moja utaona takataka iliyojaa alama ya @. Usiitupe tepu. Maandishi yale yamo katika EBCDIC, mfumo wa herufi wa IBM, na nafasi tupu ya huko ndiyo @ ya kwetu. Yapitishe kwenye `dd conv=ascii cbs=80` na mistari 40 inasimama wima: jina la mteja, namba ya mstari, mwaka, urefu wa kurekodi. Mtu aliyejaza mistari ile kwa uangalifu miaka 40 iliyopita anastahili pongezi. Wapo walioiacha mitupu, na tepu zao, hata zikisomeka zote, hazijulikani ni za wapi.

`dd` ni ya miaka ya mwanzo ya Unix. `tar`, ndugu yake wa kufunga mafaili kwenye tepu, ilitoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Zote mbili zingalipo katika kompyuta karibu zote za Linux. Zilinganishe na programu za kisasa za nakala rudufu, zile ambazo hufungasha seva nzima kuwa taswira moja na kuweka katalogi pembeni ya kuonyesha nini kiko tepu gani. NetBackup, mojawapo ya programu hizo, ilianza kuandikwa mwaka 1987, mwaka uleule wa visima vya Ivuna na Galula, Control Data ikiifanyia kazi Chrysler. Tangu hapo imepitia mikono ya OpenVision, Veritas, Symantec, Veritas tena, na mwishoni mwa 2024 Cohesity. Ni chombo imara. Lakini katalogi ikipotea, tepu zilizojaa zinageuka mabubu hadi uziingize upya, moja baada ya moja, mfumo ukisoma tangu mwanzo kujua kuna nini. Mafundi wake wa zamani walishukuru kwamba muundo wa ndani ulijengwa juu ya `tar`, kwa hiyo siku ya shida kuu palikuwa na pa kushika.

Tepu si mambo ya kale, kwa anayedhani hivyo. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, asilimia 0.02 kwa hesabu ya Google, na nakala zote zilizokuwa kwenye diski zikakumbwa pamoja. Barua zilirejeshwa kutoka kwenye tepu.

Turudi bondeni. Juni 2016, katika mkutano wa wanajiokemia huko Yokohama, Japani, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Walikuwa wamepima gesi inayobubujika kwenye chemchemi za moto, wakailinganisha na picha za mitetemo zilizokuwapo tayari zinazoonyesha mahali gesi inapoweza kunaswa chini ya ardhi. Makadirio ya sehemu moja tu ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Profesa Chris Ballentine wa Oxford alisema zingetosha kujaza mashine za MRI milioni 1.2. Helium One ilichimba kisima cha Tai-1 mwaka 2021, na mapema 2024 ikapata heliamu katika kisima cha Itumbula West-1, kusini mwa bonde, Wilaya ya Momba. Eneo ambalo watafuta mafuta walilipa mgongo likawa habari ya dunia, na ramani ya kuanzia ilikuwa ileile ya watu waliokosa mafuta.

Gesi si faida pekee. Wanajiolojia wanaochunguza jinsi Afrika inavyopasuka wamerudi kwenye vipimo vya miaka ya 1980, vya Rukwa na vya Tanganyika, wakivichakata kwa programu ambazo Rosendahl hakuwa nazo. Kwa mkazi wa Sumbawanga hilo si jambo la vitabuni. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga ukanda huu, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki, na ufa wa Kanda unapita juu ya nyanda za Ufipa, karibu na mji. Anayetaka kujua nyufa zimelala vipi kabla hajaruhusu ghorofa zijengwe anazihitaji namba zile zilizofungwa kwenye rili.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilianzishwa mwaka 1969, na sheria ya petroli ya 2015 ikaleta PURA kama mdhibiti wa shughuli za mkondo wa juu wa petroli, yaani utafutaji na uchimbaji. Kazi ya taasisi kama hizo ya kutunza data ya nchi haina sherehe wala utepe wa kukata. Bajeti yake inastahili kulindwa kama ya kuchimba kisima, kwa kuwa kisima kikavu huchimbwa mara moja tu, ilhali vipimo vyake vinaweza kusomwa upya na kila kizazi cha wataalamu.

Na wewe mtunza kompyuta wa halmashauri, hospitali au chuo, uwe Sumbawanga, Namanyere au Laela, ambaye kabatini mwako kuna tepu za LTO, aina ya tepu za kisasa: mashine za LTO zilizoea kusoma vizazi viwili vya nyuma, lakini LTO-8 na LTO-9 husoma kimoja tu. Tepu ya LTO-4 inahitaji mashine isiyozidi LTO-6, na hizo zinazidi kuadimika. Chagua tepu moja mwezi huu, irejeshe kwenye kompyuta tupu, fungua mafaili uone kama yanasomeka, kisha andika kwenye lebo tarehe na amri uliyotumia.