Bandari ya Kisumu

Bandari ya Kisumu ni bandari kuu ya Kenya katika Ziwa Viktoria, iliyoko kwenye Ghuba ya Winam. Historia yake inaonyesha waziwazi jinsi maamuzi ya serikali yanavyoinua au kudumaza uchumi wa eneo. Chanzo chake ni reli ya wakoloni Waingereza kutoka Mombasa, iliyofika hapo mwaka 1901, mji ulipoitwa Port Florence. Mizigo ya Uganda ilihamishiwa melini Kisumu hadi mwaka 1931, reli ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala na kuipokonya bandari sehemu kubwa ya biashara hiyo.

Chini ya shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki, feri MV Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960, ilivusha mabehewa pamoja na shehena yake bila kupakuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika liligawanywa na kila nchi ikabaki na meli na gati zake. Pigo hilo lilikuwa zito kuliko la 1931, kwani lilivunja utaratibu mzima wa usafiri ziwani.

Mkataba wa 1999 uliirejesha Jumuiya, lakini ukarabati mkubwa wa bandari ulisubiri karibu miaka 20. MV Uhuru ilirejea safari za Port Bell, Uganda, mwishoni mwa 2019. Gati la mafuta la Kisumu, lililokamilika mwaka 2018, lilikaa miaka kadhaa bila kutumika, kwa kuwa bohari ya kupokelea mafuta upande wa Uganda haikuwa tayari.