Wazee kuanguka: Hatari iko kati ya kitanda na choo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

KATIKA nyumba nyingi za zamani mjini Bagamoyo, choo kiko uani. Mzee anayeamka usiku hulazimika kushuka kitandani, kuvuka kizingiti na kutembea gizani juu ya sakafu yenye unyevu, pengine akiwa na kandambili zilizolika.

Safari hiyo fupi imebeba karibu kila kitu kinachowaangusha wazee: giza, utelezi, usingizi na viatu visivyoshika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka, na idadi kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wanaonusurika nao huweza kuvunjika nyonga na wasitembee tena bila msaada.

Ni kawaida kusikia kuwa marehemu "alianguka bafuni", kana kwamba bafu ndilo lililoua. Wakati mwingine kiharusi ndicho hutangulia, kuanguka kukafuata. Mzee aliyepinda mdomo, aliyeshindwa kuzungumza au aliyelegea mkono mmoja apelekwe hospitali mara moja, kukandwa kusubiri.

Baada ya mzee kuanguka mara moja, watoto humkataza kufanya lolote, akae tu barazani. Ni heshima, lakini inamdhuru. Miguu isiyotumika hupoteza nguvu, na anguko la pili huwa karibu zaidi. Afadhali atembee kila siku, na afanye zoezi la kuinuka kitini mara kadhaa bila kujishika, mtu akiwa karibu naye.

Marekebisho ya nyumba hayahitaji fedha nyingi. Tochi iwe kando ya mto, kizingiti kipakwe chokaa kionekane, mkeka unaojikunja mlangoni uondolewe. Ukutani chooni kifungwe bomba au ubao imara wa kushikia. Kwa anayetawadha alfajiri, kigoda ni bora kuliko kuinama kwenye sakafu iliyolowa. Chombo cha haja ndogo chumbani si aibu.

Dawa za shinikizo la damu na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu. Anayezitumia asiziache kwa uamuzi wake, bali amweleze daktari, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Macho nayo yapimwe, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.